Uliza Wakili: “Shauri lilianza lini?”

Mwezi huu barua tisa zimefika ofisini kwangu Mwanza, na sita kati ya hizo ni za wanafunzi wa sheria au wazazi wao. Kilio chao ni kimoja: tulichofundishwa darasani, tukikisema mbele za watu, tunaambiwa kimeshabadilika. Nimeamua kuzijibu zote sita. Wale wawili wa mirathi na yule wa mpaka wa kiwanja cha Nyegezi mnisamehe, zamu yenu ni toleo lijalo.

Shikamoo Wakili. Nipo mwaka wa tatu, hapa Iringa. Mwezi uliopita nilisimama kwenye mahakama ya mfano upande wa mrufani. Mteja wangu wa kubuni alikuwa amehukumiwa kunyongwa na Mahakama Kuu, na sababu yangu kubwa ya rufaa ilikuwa kwamba jaji alisikiliza kesi bila wazee wa baraza. Nilikuwa na hukumu saba za Mahakama ya Rufani, nimezikariri mpaka namba. Mhadhiri aliyekuwa jaji akaniuliza swali moja tu: “Shauri lilianza kusikilizwa lini?” Nikafunua karatasi, sijui. Akasema, “Kaa.” Nimekaa mpaka leo. Madesa tunayorithishana ni ya 2017, na kitabu cha maktaba kinaazimwa kwa saa mbili. Mwanafunzi asiye na hela atafuatiliaje sheria mpya na hukumu mpya za jinai bila kuchanganyikiwa?
*Aliyekaa, Iringa*

Marahaba mwanangu. Kwanza inuka. Hukumu zako saba ni hukumu halali kabisa, na kwa miaka mingi wakili wa utetezi aliyepewa rufaa ya mauaji alianza kuchimba pale pale ulipochimba wewe. Kifungu cha 265 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20 (namba za vifungu vya Bara humu ni za kabla ya Julai 2025), kilitaka mashauri ya jinai ya Mahakama Kuu yasikilizwe na jaji akiwa na wazee wa baraza, wasiopungua wawili. Mwishoni jaji alipaswa kuwafafanulia ushahidi na hoja za msingi za sheria, kisha kila mzee atoe maoni yake. Jaji akisahau kuwaeleza dhamira ovu ni kitu gani, au mzee akianza kumbana shahidi kwa maswali kana kwamba ndiye wakili, mwenendo mzima ulikuwa hatarini kufutwa. Nimewahi kushika jalada la miaka sita lililorudishwa mwanzo, na mshtakiwa akarudishwa mahabusu kusubiri upya, kwa sababu ya kurasa mbili ambazo jaji hakuziandika.

Kisha ikaja Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, Na. 1 ya 2022, ikakigeuza kifungu hicho. Sasa jaji husikiliza peke yake, na wazee wa baraza huitwa pale tu anapoona anawahitaji.

Unaona sasa mhadhiri wako alikuwa anatafuta nini? Kama kesi ya mteja wako ilisikilizwa ikaisha 2019, hukumu zako saba zingemtoa jasho wakili wa Serikali. Kama ilianza 2023, ulikwenda shambani na mpini bila jembe. Na kama ilianza 2021 ikaisha 2023? Hapo ndipo ungetakiwa kusimama nusu saa, maana sheria inayogusa utaratibu tu kwa kawaida huzikamata hata kesi zilizokuwa njiani, lakini ile inayogusa haki ya msingi ya mtu hairudi nyuma mpaka Bunge liseme waziwazi. Kanuni hiyo utaikuta katika shauri la Manispaa ya Mombasa dhidi ya Nyali Limited la mwaka 1963, lililoamuliwa na ile Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ya zamani, na mpaka leo tunalitaja. Kwenye adhabu hakuna mjadala: Ibara ya 13(6)(c) ya Katiba inakataza kumpa mtu adhabu kubwa kuliko iliyokuwepo siku alipotenda kosa.

Usidhani nakusema wewe tu. Mwaka 2020 nilikaa chini mimi mwenyewe, tena nikiwa na uzoefu wa miaka 14.

Tarehe 18 Mei mwaka huo Mahakama Kuu, katika shauri la Dickson Paulo Sanga dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) cha Sura ya 20 kinakwenda kinyume cha Katiba. Ndicho kinachoorodhesha makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na mengineyo. Serikali ikapewa miezi 18 ya kukirekebisha. Kijana aliyekuwa anafanya mazoezi ofisini kwangu aliichapa hukumu hiyo, akaitoboa matundu, akaiweka kwenye faili la kijani. Nikaisoma kwa furaha, nikapigia mistari, nikaendelea na kazi nyingine.

Mwishoni mwa Agosti alikuja mzee mmoja kutoka Sengerema. Mwanawe alikuwa ndani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Nikafungua faili la kijani mbele yake, nikamwonyesha mistari niliyopigia, nikamwambia mambo yanabadilika, Serikali imepewa muda, avumilie. Mzee akaondoka ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akinishukuru. Siku tatu baadaye, kwenye korido ya mahakama, nikamtajia wakili wa Serikali hukumu hiyo kwa mbwembwe. Hakubishana. Alitoa simu mfukoni akanionyesha Rufaa ya Madai Na. 175 ya 2020: tarehe 5 Agosti Mahakama ya Rufani ilikuwa imeshautengua uamuzi ule, na kifungu cha 148(5) kimesimama kama kilivyokuwa. Uamuzi niliompa yule mzee kama tumaini ulikuwa umeishi siku 79, na siku alipoingia ofisini kwangu ulikuwa umeshakufa wiki tatu. Ilibidi nimpigie simu. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza, “Kwa hiyo wakili ulikuwa hujui?” Nikamjibu ndiyo, nilikuwa sijui.

Tangu siku hiyo nina kaunta buku. Na wewe nunua, la kwaya mbili linatosha.

Usijaribu kufuata sheria zote, mimi mwenyewe siziwezi. Chagua vifungu kumi vya jinai, kila kimoja mpe kurasa mbili zinazotazamana. Ningekuwa wewe ningeanza na dhamana, hati ya mashtaka, maelezo ya onyo, utambuzi wa mshtakiwa usiku, na ushahidi wa mtoto mdogo. Ukurasa wa kushoto andika maneno ya kifungu kama yalivyo leo, na juu yake namba ya sheria iliyoyaleta na mwaka wake. Ukurasa wa kulia ni wa hukumu, na kila hukumu ianze na tarehe kabla ya jina. Andika kwa penseli. Kwenye biashara hii kalamu ya wino ni kiburi.

Nikuonyeshe ukurasa wangu wa mtoto mdogo. Kushoto: kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kama kilivyobadilishwa na Sheria Na. 4 ya 2016. Kabla ya hapo hakimu alimuuliza mtoto maswali ya kupima kama anaelewa maana ya kiapo. Baada ya hapo mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ilimradi aahidi kusema kweli na si uongo. Kulia, hukumu za miaka ya mwanzo ni kali: ahadi haikuandikwa kwenye mwenendo, ushahidi wote unatupwa, na kesi inakwenda nao. Halafu mstari wa 2022, ambapo Mahakama ya Rufani ilitazama kifungu kidogo cha (6) na kusema kosa la namna hiyo si lazima liue kesi, kama mahakama imeridhika kwamba mtoto alisema kweli. Mwanafunzi mwenye desa la 2019 na mwanafunzi mwenye hukumu ya 2022 watabishana mpaka asubuhi, na kila mmoja ana hukumu ya Mahakama ya Rufani mkononi.

Nani yuko sahihi? Mahakama ya Rufani imeshalijibu hilo pia, katika shauri la Arcopar dhidi ya Harbert Marwa: maamuzi yake mawili yakigongana, hufuatwa lililo jipya. Umerudi tena kwenye tarehe.

Lakini usije ukafikiri kila cha zamani kimekufa. Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ni hukumu ya mwaka 1980, ndiyo inayotuambia ushahidi wa kumtambua mtu gizani upimwe vipi: taa ilikuwa ya aina gani, umbali gani, shahidi alimtazama kwa muda gani, alikuwa akimjua kabla? Ina umri kuliko wazazi wa wenzako wengi darasani, na wiki hii mahali fulani nchini kuna hakimu anaiandika. Kwenye ukurasa wangu wa kulia iko juu kabisa, na chini yake nimepanga watoto wake.

Kuhusu hela. Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu ziko bure kwenye TanzLII, mtandao wa Mahakama ya Tanzania. Enzi zetu tulisubiri vitabu vya ripoti za sheria kwa miaka. Ukiona herufi TZCA kwenye rejea ya kesi, hiyo ni ya Mahakama ya Rufani, na TZHC ni ya Mahakama Kuu. Tafuta kwa maneno ya kifungu, panga majibu kuanzia jipya, shuka taratibu. Hukumu ukiifungua soma ukurasa wa mwisho kwanza ujue nani ameshinda na amri ni ipi, kisha wa kwanza ujue kesi imetoka wapi, halafu ndipo uingie katikati. Pakua ukiwa kwenye intaneti ya chuo, kasome chumbani bila bando.

Na hili ndilo lililoniponza mimi. Ukikuta Mahakama Kuu imefuta kifungu cha sheria, usilale kabla hujatafuta rufaa, na uitafute kwa jina lililogeuzwa. Serikali ikishindwa ndiyo inayokata rufaa, kwa hiyo jina lake linahamia mbele. Ukiandika “Dickson Paulo Sanga” kisha ukaishia kwenye jibu la kwanza, utakutana na shangwe ya Mei. Teremka mpaka uone lile linaloanza na “Attorney General”, ndiko kulikokuwa na Agosti.

Nusu saa kila Ijumaa jioni. Nimechagua Ijumaa kwa sababu ndiyo siku Gazeti la Serikali linapotoka, na sheria mpya huzaliwa humo. Wiki nyingine hukuti kitu, unafunga daftari unakwenda kula chipsi.

Wakili, habari za kazi. Bumu lilipoingia mwaka jana nilinunua Kanuni ya Adhabu na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Toleo la 2022. Sasa wenzangu wananicheka, wanasema nimenunua vifungio vya maandazi kwa sababu limetoka Toleo la 2023 na namba za vifungu zimehama. Nivitupe?
*Mnunuzi wa vifungio, Morogoro*

Usitupe hata kimoja. Nitakuchukulia mimi kama unaona aibu.

Wenzako wamesema kweli nusu. Sheria za nchi zimefanyiwa urekebu, yaani zimekusanywa na kupangwa upya, Toleo la 2023, likazinduliwa Dodoma mwezi wa nne 2025 na kuanza kutumika 1 Julai 2025. Urekebu mkubwa kama huu uliotangulia ulikuwa wa 2002, kwa hiyo kuna kizazi kizima cha mawakili, mimi nikiwemo, kilichozeeka na namba za 2002. Katikati tuliwekewa viraka: 2019, kisha 2022 kwa sheria kadhaa, zikiwemo hizo ulizonunua. Vifungu vilivyokuwa vimechomekwa na herufi, kama kile cha 131A cha Sura ya 20, sasa vimepewa namba kamili kwenye foleni, na waliokuwa nyuma yao wakasukumwa. Ndiyo maana namba zimehama.

Kilichohama ni namba. Urekebu wa sheria hauna mamlaka ya kubadilisha kiini. Kosa lililokuwa kosa tarehe 30 Juni 2025 halikugeuka kuwa halali usiku ule kwa sababu limepewa namba nyingine.

Sasa fikiria hukumu zote utakazosoma chuoni. Karibu zote zimeandikwa kabla ya Julai 2025, na zote zinataja namba za zamani. Bila kitabu chako cha 2022 utakuwa unasoma “kifungu cha 148(5)” kwenye hukumu, unafungua toleo jipya, unakuta habari nyingine kabisa, unadhani umerogwa. Kaa siku moja na matoleo yote mawili, la jipya lifungue kwenye simu. Kila kifungu ndani ya kitabu chako andika pembeni kwa penseli namba yake mpya. Nilifanya hivyo mwenyewe Julai ile, jioni nne mfululizo, mume wangu akidhani najaza fomu za kodi. Ukimaliza, wale wanaokucheka watakuja kukuazima.

Ila kwenye mtihani na kwenye hati yoyote, taja sheria, sura, na toleo. Namba isiyo na toleo ni kama namba ya nyumba isiyo na mtaa.

Nimekitaja 131A, nisikiache njiani, maana ni kifungu ninachokipenda. Kabla ya 2022 kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya wilaya aliijua sentensi hii kama salamu: “Mheshimiwa, upelelezi bado haujakamilika, naomba tarehe nyingine.” Mtu alishtakiwa kwanza, ushahidi ukatafutwa baadaye. Sheria ile ile Na. 1 ya 2022 ikasema hati ya mashtaka isipelekwe mahakamani mpaka upelelezi ukamilike, isipokuwa kwa makosa makubwa. Kwa mwizi wa kuku hilo ni jambo kubwa. Kwa makosa makubwa salamu bado tunaisikia.

Kwenye grupu letu la WhatsApp kila wiki kuna mtu anatuma “SHERIA MPYA!!! SAMBAZA”. Nimeshaaibika mara mbili darasani. Nitajuaje ipi ni kweli?
*Msambazaji mstaafu, Dodoma*

Uliza ina namba? Sheria iliyozaliwa ina namba na mwaka, mfano Sheria Na. 1 ya 2022. Kama juu ya karatasi kumeandikwa “Muswada”, hicho bado kiko tumboni: kitasomwa bungeni, kitakwenda kamati, wadau watakilalamikia, kinaweza kutoka kikiwa hakifanani kabisa na ulichosambaza, au kisitoke. Baada ya Bunge kuna saini ya Rais, na baada ya saini kuna Gazeti la Serikali.

Ikiwa na namba, tafuta siku ya kuanza. Kawaida ni siku ya kuchapishwa gazetini, mpaka sheria yenyewe iseme vinginevyo, na nyingi husema. Hata hilo Toleo la 2023 kuna waliolitumia mwezi wa tano, baada tu ya kuona picha za uzinduzi, wakati siku yake ilikuwa 1 Julai.

Na kama ujumbe umeandikwa kwa herufi kubwa tupu, mimi huwa sifungui. Hiyo si kanuni ya kisheria.

Shikamoo mama Wakili. Nasoma hapa Arusha, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko mjini kwetu, tumewahi kupelekwa kuitembelea. Mwaka 2019 ilisema adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi. Kenya nao Mahakama ya Juu ilishaiondoa 2017. Mbona nikiandika kwenye jaribio kwamba adhabu hiyo haipo tena Tanzania ninakatwa alama?
*Mpenda haki, Arusha*

Marahaba. Umekatwa kihalali, pole.

Uamuzi unaousema ni wa Ally Rajabu na wenzake dhidi ya Tanzania, 28 Novemba 2019. Mahakama ya Afrika ilisema kifungu kinachomfunga jaji mikono, asiangalie hata mazingira ya kosa wala ya mkosaji, kinakiuka Ibara ya 4 ya Mkataba wa Afrika, ikaiamuru nchi iondoe ulazima huo kwenye sheria zake. Uamuzi huo unaibana nchi. Lakini maneno ya kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu, kwa namba za Toleo la 2022, hayafutwi kutoka Arusha. Yanafutwa na Bunge au yanatenguliwa na mahakama zetu wenyewe kwa mujibu wa Katiba. Jaji wa Mahakama Kuu anayemtia mtu hatiani kwa mauaji anakuta kifungu kinasema adhabu ni kifo, anakisoma. Wiki moja kabla ya uamuzi huo, tarehe 21 Novemba 2019, Tanzania iliwasilisha hati ya kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo, na hati ikaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Ukiandika jibu lako kwa mpangilio huo wa tarehe, mhadhiri atakurudishia alama na kukuomba utulie.

Kenya ni jirani, si bosi wetu. Hukumu ya Muruatetu ya 14 Desemba 2017 kwetu ni ya kushawishi tu. Na hata huko kwao itazame vizuri: baada yake mahakama za chini ziliichukua zikaipeleka kwenye unyang'anyi wa kutumia nguvu na makosa ya kujamiiana, mpaka Mahakama ya Juu ikarudi tarehe 6 Julai 2021 na kusema, tulizungumzia mauaji, basi. Mwanafunzi wa Nairobi aliyesoma hukumu ya 2017 bila maelekezo ya 2021 naye alikaa chini, kama mwenzenu wa Iringa.

Unataka hukumu ya nyumbani? Soma shauri la Mbushuu. Mwaka 1994 huko Dodoma Jaji Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inakwenda kinyume cha Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ikamtengua. Wengi huishia hapo, kwenye nani kashinda. Endelea kusoma: Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamdhalilisha mtu, ila ikaona inaokolewa na Ibara ya 30(2) ya Katiba, inayoruhusu sheria kuziwekea haki mipaka kwa maslahi ya umma. Siku hoja hiyo itakaporudi mahakamani, atakayeibeba ataanzia kwenye nusu ile ya hukumu ambayo wenzake waliiruka.

Asalaam aleykum. Nasoma Unguja. Vitabu vyetu vingi vya rejea ni vya Bara. Hukumu hizo zinatuhusu?
*Wa Mwanakwerekwe*

Waaleykum salaam. Mnayo Sheria yenu ya Adhabu, Na. 6 ya 2018, na Sheria yenu ya Mwenendo wa Jinai, Na. 7 ya 2018. Sura ya 16 (Kanuni ya Adhabu) na Sura ya 20 za Bara hazivuki maji. Mahakama ya Rufani inavuka, nayo husikiliza rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar. Kwa hiyo ukikuta hukumu yake juu ya kifungu cha Bara, weka kifungu cha Zanzibar pembeni, linganisha neno kwa neno. Yakifanana, tumia hukumu na useme kwamba yamefanana. Yakitofautiana hata kwa “au” badala ya “na”, hapo una hoja yako mwenyewe, na huenda ikawa nzuri kuliko hukumu.

Wakili, mimi ni mzazi wa Kahama, nauza vipuri vya baiskeli. Binti yangu yuko mwaka wa pili wa sheria. Kila mwezi anaomba hela ya “sheria mpya”. Mwezi wa kwanza elfu thelathini, wa pili elfu arobaini. Ni kweli sheria za nchi hii zinabadilika kila mwezi?

Mzee wangu, shikamoo. Hukumu mpya zinatoka kila wiki, hilo ni kweli, lakini kuzisoma ni bure. Sheria zenyewe nyingi pia anazipata bure kwenye simu. Cha kulipia ni bando, kutoa kopi, na kaunta buku moja la kwaya mbili. Akija likizo mwambie akuletee hilo daftari na akusomee ukurasa wa dhamana, tarehe kwa tarehe. Akiweza, mwongezee. Asipokuwa nalo, mpeni kazi dukani mpaka chuo kifunguliwe.

Masahihisho. Katika toleo lililopita, nikimjibu msomaji wa Geita kuhusu dhamana, niliandika “kifungu cha 148” bila kutaja toleo. Hakimu mstaafu wa Bukoba amenikumbusha kwa barua ya mistari miwili, mmoja wa salamu. Isomeke: kifungu cha 148 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, Toleo la 2022.